Meza haizunguki mchana? Mwongozo kamili wa kupima dakika zinazoliwa na simu, na kuzirudisha

Wenye migahawa huniletea kesi ile ile. Saa saba mchana pamejaa, mlangoni wamesimama watu sita, na ndani kuna meza nne ambazo sahani zilishatolewa zamani. Waliokaa wanatelezesha vidole kwenye kioo. Ukimuuliza mwenye mgahawa amefanya nini, atakwambia amezima Waifai, au amebandika karatasi ukutani: "Tafadhali usitumie simu wakati wa kula." Baada ya wiki mbili meza bado hazizunguki, yaani kundi moja haliinuki upesi kulipisha jingine, na wale waliokuwa wakija kila siku wamehamia ng'ambo ya barabara.

Wanakwama mahali pamoja. Wanagombana na simu kabla ya kujua ni dakika zipi hasa inazozila. Nimesimamia migahawa ya mchana Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na kila tulipopima tulikuta simu imesingiziwa nusu ya makosa. Nusu nyingine ni ya kweli, na inatibika bila kumnyang'anya mtu simu yake.

Mwongozo huu ni wa mgahawa wenye wahudumu na meza kati ya 6 na 30, unaotegemea zaidi chakula cha mchana. Kama una baa ya nyama choma ya usiku, wewe unauza kukaa. Mteja akichati mpaka saa tano huku chupa zinaongezeka, mwache.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Karatasi za A4 zilizopigwa mistari, kalamu mbili na ubao wa kubania karatasi.
- Saa ya ukutani inayoonekana kutoka pembe zote. Usipime kwa simu. Mpimaji mwenye simu mkononi naye huishia kwenye WhatsApp, na wateja wakimwona wanadhani anawarekodi.
- Namba kwenye kila meza, hata ikiwa ya karatasi.
- Mtu mmoja asiyehudumia: mdogo wako, au mwanafunzi aliye fildi. Atakaa pembeni saa mbili na nusu kwa siku, siku tatu. Mpe chakula na nauli.
- Menyu za ukurasa mmoja, karatasi ngumu iliyofunikwa plastiki, moja kwa kila meza na nne za akiba.
- Simu moja ya biashara yenye laini ya kupokea malipo. Inakaa kaunta na haiendi nyumbani na mtu. Iwe na pawabenki yake.
- Vibao vidogo vya mezani vyenye namba ya malipo na paswedi ya Waifai.
- Waya mbili za chaji, ya Type-C na ya iPhone za zamani, zilizofungwa kwenye soketi kwa kamba ngumu. Zisizofungwa huondoka na wageni.

## Hatua ya 1: Pima siku tatu bila kubadili chochote

Chagua siku za kawaida, siyo wiki ya mshahara wala mwezi wa Ramadhani. Moja iwe Ijumaa, kwa sababu siku hiyo mchana hukatika mara mbili: wapo wanaokuja saa sita, na wapo wanaoingia kwa pamoja wakitoka msikitini.

Kwa kila meza, mpimaji anaandika saa ya matukio manane: wamekaa, wameagiza, chakula kimefika, tonge la kwanza, sahani zimetolewa, bili imeombwa, wamelipa, wameinuka.

Pembeni ya kila pengo aweke herufi ya aliyesababisha kusubiri. S ni simu, J ni jiko, M ni mhudumu, K ni kaunta. Kama watu wanakula na kupiga soga, anaacha wazi. Zikigongana sababu mbili, anaandika zote.

Herufi S ina sharti lake, na hapa ndipo wengi huharibu kazi. Andika S pale tu kitu kinachofuata kinapoisubiri simu. Mhudumu amesimama na kidaftari, menyu imefungwa mezani, mteja bado anaandika ujumbe: hiyo ni S. Lakini mteja anayetazama video kwa sababu ugali haujafika, hiyo ni J. Simu hapo inakubeba. Bila hiyo angekuwa ameshaanza kugonga meza kwa uma na kuwaangalia wenzake.

Angalizo. Usiwaambie wahudumu meza zipi zinapimwa. Na kama utasoma saa kutoka kamera za usalama, andika namba ya meza na saa, basi. Vipande vya video za wateja wako visiende kwenye kundi la wafanyakazi wala mtandaoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na sura ya mteja anayekula ni taarifa yake binafsi.

Umefaulu ukiwa na meza zisizopungua 40 kwenye karatasi, na mapengo yaliyoachwa bila saa hayazidi machache.

## Hatua ya 2: Soma karatasi, tafuta pengo nene

Huu ni mfano wa mstari mmoja, meza ya watu watatu siku ya Ijumaa:

Wamekaa 7:04. Wameagiza 7:19 (S, M). Chakula 7:36 (J). Tonge la kwanza 7:40 (S). Sahani zimetolewa 8:01. Bili imeombwa 8:03. Wamelipa 8:17 (K). Wameinuka 8:31 (S).

Jumla ni dakika 87. Kula kwenyewe kumechukua 21. Kupiga picha chakula, jambo ambalo kila mwenye mgahawa hulilalamikia kwanza, kumechukua 4. Kulipa kumechukua 14, na waliokuwa wakisubiri muda huo ni wateja. Walishatoa simu zao tayari kutuma pesa, ila namba ya malipo haikuwepo mezani na dada wa kaunta alikuwa akitafuta chenji ya mtu mwingine.

Karatasi zako zitaonyesha sura yako mwenyewe. Kuna kisa kinachozunguka mitandaoni tangu 2014, cha mgahawa wa New York uliodai kwamba simu zimeongeza karibu saa nzima kwa kila meza. Mwandishi wake hakujitaja wala hakuutaja mgahawa. Usikifanye kipimo chako.

Sasa hesabu ya pesa. Una meza 12, na mchana wako ni dakika 150, saa 6:00 hadi 8:30. Meza ikichukua dakika 75, inazunguka mara mbili: makundi 24. Ikichukua dakika 50, inazunguka mara tatu: makundi 36. Kwa wastani wa watu wawili na sahani ya shilingi 7,000, hiyo ni 336,000 dhidi ya 504,000. Tofauti ya 168,000 kwa mchana mmoja.

Angalizo. Hesabu hii ni halali tu kama kuna watu wamesimama mlangoni au wanaochungulia na kuondoka. Kama nusu ya meza ziko wazi, mteja anayekaa na simu yake anakupambia mgahawa. Usimguse, ruka hadi hatua ya 4 na ya 5, hizo zinafaa kila mahali.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Kwetu dakika nyingi zinapotea kati ya tukio hili na hili, na herufi inayojirudia ni hii."

## Hatua ya 3: Fupisha muda wa kuagiza

Kwanza, rudisha menyu ya karatasi mchana. Zile menyu za kuskani zilienea wakati wa Korona na nyingi zimebaki mezani kwa mazoea. Fikiria unachomfanyisha mteja: unamwambia atoe simu, aifungue, na akiifungua tu anakutana na meseji kumi na moja. Bando likiwa limeisha anaomba Waifai. Kurasa zikiwa nzito, zinazunguka hazifunguki. Dakika nane zimeishia hapo, na aliyemkabidhi simu ni wewe.

Ukiipenda ya kuskani, ibaki kama nyongeza, iwe picha moja nyepesi yenye bei. Na kila asubuhi mtu apite kukagua kwamba hakuna aliyebandika stika yake juu ya yenu.

Pili, paswedi ya Waifai iandikwe kwenye kibao cha meza. Kila mteja anayeuliza anamtoa mhudumu kwenye kazi, na yeye mwenyewe hasomi menyu mpaka aunganishwe.

Tatu, fundisha salamu inayobeba oda ndani yake. "Karibuni, mnahitaji nini?" inamrudisha mtu kwenye simu akafikirie. Jaribu hivi:

"Karibu kaka. Leo kuna pilau kuku, ndizi nyama na samaki wa nazi. Samaki vimebaki vipande vinne. Nikuwekee?"

Vyakula vitatu na kimoja kinachokaribia kuisha. Wengi huamua papo hapo. Isiwe uongo lakini; akiona samaki wanatoka mpaka saa tisa, kesho hakuamini.

Nne, mteja aliyeingia akiongea na simu. Mhudumu asisimame juu yake, wala asiongee juu ya sauti yake. Aweke menyu na maji, ainamishe kichwa, aondoke, na arudi pale simu inaposhuka kutoka sikioni. Mteja akisema "subiri kidogo dada", jibu ni "sawa kaka, narudi baada ya dakika mbili", na arudi kweli baada ya dakika mbili. Wahudumu wengi wakiambiwa "subiri" huchukulia wamefukuzwa. Ndiyo maana mstari wa juu ulikuwa na S na M pamoja.

Angalizo. Marufuku kusema "umeshamaliza na simu?" hata kwa utani. Nimeona mzee wa heshima akiinuka na kundi lake zima kwa neno hilo.

Kabla mhudumu hajaondoka na oda ya kundi, aulize: "Bili moja, au kila mtu yake?" Sababu utaiona hatua ya 5.

Umefaulu ikiwa kukaa hadi kuagiza kumeshuka chini ya dakika 6 kwenye meza nyingi.

## Hatua ya 4: Picha zipigwe haraka, chakula kiliwe cha moto

Picha ni tangazo la bure, hutaki kuzizuia. Unachotaka ni chakula kisipoe mezani hadi kirudishwe jikoni.

Chunguza meza yenye kelele nyingi za picha, utaona kosa ni lako. Wamekuja akina dada watano, siku ya kuzaliwa ya mmoja. Sahani mbili za biriani zimetoka, mishkaki bado, chipsi bado. Hawali. Wanataka meza nzima ikae kwenye picha moja, kwa hiyo wanasubiri. Sahani ya tano inafika biriani imeshashika mafuta ukingoni. Kisha inarudi: "Dada, hii imepoa."

Kwa hiyo sahani za meza moja zitoke pamoja, au kwa tofauti isiyozidi dakika mbili. Mpishi apange moto wake kwa meza, asipange kwa chakula. Hili ni gumu jikoni wiki ya kwanza, vumilieni. Sahani ziwekwe mahali pa moto kabla ya kupakuliwa. Sahani ya udongo iliyotoka kwenye maji baridi inapoza wali haraka kuliko picha yoyote. Na chakula kinachongoja kupakuliwa kikae juu ya nyuzi joto 60, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kwa usalama wa chakula kilichopikwa. Kikitoka hapo, dakika tatu za picha hazikiharibu.

Taa nayo inasaidia. Meza zenye giza ndizo zenye picha nyingi, maana kila moja inatoka mbaya na inarudiwa. Balbu moja ya mwanga mweupe juu ya meza za makundi inapunguza kurudia.

Mhudumu anaweza kujitolea: "Niwapige wote?" Picha tatu, mbili za kusimama na moja ya kulaza, kisha arudishe simu na kuwaambia "karibuni chakula." Neno hilo la mwisho ndilo linalowaanzisha kula. Saa saba kamili, mgahawa umejaa, asijitolee. Akiombwa apige hizo tatu.

Angalizo. Simu ya mteja ishikwe kwa mikono miwili, na mpigaji arudi nyuma hatua moja kutoka mezani. Kwetu simu iliwahi kudondokea kwenye bakuli la mchuzi wa samaki. Tulilipa sehemu, kijana akakatwa sehemu, na wale wageni hatukuwaona tena.

Chakula kikirudi kwa kupoa, kipashwe mara moja, bila hoja, bila kumkumbusha mtu kwamba alikuwa akipiga picha. Kinachorudi kutoka mezani kisichanganywe na sufuria ya wengine hata kama hakijaguswa.

Umefaulu ikiwa chakula kufika hadi tonge la kwanza ni dakika 3 au pungufu, na sahani zinazorudi kupashwa ni moja au hakuna kwa mchana mzima.

## Hatua ya 5: Malipo, hapa ndipo dakika nyingi zimelala

Hapa simu ni mkoba wa mteja. Ukimchelewesha, simu ile ile iliyotolewa kwa ajili ya kulipa inageuka kuwa ya kuchati.

Andika namba ya malipo mahali pawili. Kwenye kibao cha meza na chini ya bili. Iwe kubwa, na chini yake jina kamili litakalotokea kwenye kioo cha mteja kabla hajaweka namba ya siri. Wengi wamesajili kwa jina la mtu au la kampuni ambalo halifanani na bango la nje. Mteja anaona jina geni, anasita, anaita mhudumu, mhudumu anamwita bosi. Andika: "Jina litakalotokea: ..." na swali limeisha. Tanzania ni lipa namba, Kenya ni namba ya tili. Kazi ni moja. Kama mna msimbo wa kuskani wa TANQR, uweke hapo hapo, na ukaguliwe asubuhi kama ile stika ya menyu.

Bili iende sahani zinapotolewa. Mikono miwili, safari moja: sahani zinaondoka, bili inabaki, kifudifudi. Mhudumu aseme, "Nimeiacha hapa kaka, hakuna haraka. Mkihitaji chai au matunda mniambie." Hapo ameuza na amefunga kwa sentensi moja. Wapo watakaoona wanafukuzwa. Maneno "hakuna haraka" na uso wa kawaida ndiyo tofauti. Wageni wa heshima na familia zenye wazee, subiri waombe.

Makundi. Watu sita wanaolipa kila mtu yake ni miamala sita, PIN sita, na mmoja ambaye salio halitoshi na anatafuta wakala. Ndiyo maana uliuliza wakati wa oda. Wakisema kila mtu yake, bili zitoke sita tayari zimegawanywa. Zisipogawanywa wataanza kupiga hesabu kwenye simu, na hesabu ya soda mbili inaweza kuchukua robo saa.

Thibitisha kwenye simu yako, usiitazame ya mteja. Meseji ya malipo inaweza kutengenezwa, na picha ya muamala wa wiki iliyopita inaweza kuonyeshwa upya. Utaratibu wetu ni huu. Mteja akituma, mhudumu anamwambia kaunta namba ya meza na kiasi. Kaunta anatazama simu ya biashara, anasoma kiasi na majina mawili ya mwisho ya aliyetuma, anaweka tiki. Mhudumu anarudi na risiti. Meseji ikichelewa, kaunta anaangalia salio au orodha ya miamala kwenye menyu ya mtandao husika, hangojei meseji.

Simu hii ikiwa mfukoni mwa bosi aliyekwenda Kariakoo kununua mchele, kila malipo yanakuwa simu ya kumpigia bosi. Nimeiona hiyo zaidi ya mara moja, na ndiyo iliyozaa K nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye karatasi zetu.

Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) itolewe malipo yakithibitika, mashine ikiwa imewashwa na ina karatasi. Kubadilisha karatasi saa saba mchana ni kazi ya asubuhi uliyoisahau.

Mtandao ukianguka. Utaanguka, na utaanguka Ijumaa. Uwe na njia ya pili ya mtandao mwingine, na chenji ya pesa taslimu iliyohesabiwa: noti za elfu moja, elfu mbili, na sarafu. Kama mteja unamfahamu na mtandao umegoma kabisa, andika jina, meza na kiasi kwenye daftari, mwache aende. Katika mwaka mmoja waliotudhulumu kwa njia hiyo ni wachache mno kulinganisha na meza zilizokuwa zikifungwa nusu saa kusubiri meseji.

Simu ya mteja imezima chaji. Hawezi kulipa wala kumpigia mtu. Pawabenki ya kaunta ni kwa ajili yake pia. Dakika tano zinatosha kuiwasha na kulipa.

Umefaulu ikiwa bili kuombwa hadi kulipwa ni chini ya dakika 4, na kaunta hajawahi kuuliza "meseji imeingia?" kwa sauti ya ukumbi mzima.

## Hatua ya 6: Aliyelipa na hainuki

Sasa tumefika kwa yule aliyekuchukiza tangu mwanzo. Ukifika hapa baada ya kufanya hatua ya 3 na ya 5, utakuta wamepungua. Waliobaki huwa na sababu mbili: chaji au joto la nje. La joto huna dawa yake.

Fuata soketi zako. Mteja hukaa zilipo. Kama soketi ziko ukutani kwenye meza nzuri za watu wanne, hapo ndipo mtu mmoja ataketi saa mbili na chai moja. Zifunge hizo wakati wa mchana, na weka zile waya mbili kwenye rafu ya kaunta au kwenye benchi refu lenye viti virefu. Anayetaka chaji unamkaribisha huko kwa furaha: "Kaka, chaji iko pale, karibu ukae." Meza imefunguka na hajakosewa heshima.

Waifai usiizime. Mtu ana bando lake, ataendelea na sasa amekasirika. Kama ruta yako inaruhusu vocha za muda, weka dakika 60 kwa oda ya mchana, na muda mrefu zaidi kuanzia saa tisa ambapo unawataka wakae. Kama hairuhusu, achana na jambo hili.

Ukilazimika kuomba meza, aombe msimamizi, siyo mhudumu kijana. Awaonyeshe waliosimama, atoe kitu: "Samahani kaka, kuna familia imesimama na mtoto. Naweza kukuhamishia kahawa yako pale kwenye benchi? Hiyo kahawa ni ya kwetu." Kikombe kimoja cha kahawa dhidi ya kundi la watu wanne, hesabu unaijua.

Umefaulu ikiwa kulipa hadi kuinuka ni chini ya dakika 8 saa za foleni. Saa nyingine usipime.

## Hatua ya 7: Video kwa sauti kubwa, na simu za wahudumu wako

Mteja mmoja mwenye video kwa sauti kubwa anaharibu meza tano. Usimnyooshee kidole mbele za watu. Msimamizi ainame karibu: "Kaka, naomba utupunguzie sauti kidogo, jirani zako wana kikao." Wengi hawajui kwamba wanasikika. Ukiwa na jozi moja ya earphone za bei rahisi kaunta, mpe.

Wahudumu nao simu zao zikae kwenye kisanduku kaunta kuanzia saa 6:00 hadi 8:30, isipokuwa mwenye mgonjwa nyumbani au mtoto mchanga, huyo namba ya kaunta iachwe kwao. Ukiruhusu mhudumu mmoja achati nyuma ya friji, karatasi yako itajaa M na utaiita S.

## Hatua ya 8: Pima tena, siku zile zile

Wiki ya tatu, mtu yule yule, saa ile ile ya ukutani, siku zile zile za wiki. Badilisha mambo mawili kwa wakati, siyo yote. Vinginevyo hutajua kilichofanya kazi. Ningeanza na kibao cha malipo na swali la "bili moja au kila mtu yake", kwa sababu gharama yake ni karatasi tu na matokeo yanaonekana siku hiyo hiyo.

Linganisha pengo kwa pengo. Jumla peke yake hudanganya: mvua ikinyesha saa nane, kila mtu atakaa hata kama huna Waifai wala soketi. Futa siku hiyo, pima nyingine.

Jambo moja litakushtua. S na K zikipungua, J huongezeka. Jiko lilikuwa limejificha nyuma ya watu waliokuwa wakichelewa kuagiza, sasa oda ishirini zinaingia ndani ya dakika kumi na mpishi anapiga kelele. Kama wali wako unaiva saa 6:20 na oda ya kwanza sasa inaingia saa 6:05, anza na hiyo sufuria.